Injini Inanguruma, Mbona Amri Haifiki? Makosa ya muunganisho wa Docker kwenye Windows

Kuna ushauri mmoja ambao kila mtu anayeshughulika na kompyuta ameshawahi kupewa: "Futa, halafu uweke upya." Printa imegoma? Futa uweke upya. Programu haifunguki? Futa uweke upya. Ushauri huu hauna ubaya kama unakaa mahali ambapo intaneti ni kama maji ya bomba, unafungua tu inatiririka. Kwetu sisi wengine, intaneti ni kama maji ya mtungi. Kila ukichota, unaona kiwango kinashuka.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie Docker kwenye Windows, na hasa yale makosa yanayosema kwamba muunganisho umeshindikana. Nimeona watu wakifuta na kuweka upya Docker mara tatu kwa wiki moja, wakimaliza bando na usingizi, na kosa bado liko pale pale likiwatazama. Kosa la muunganisho halitaki kufutwa. Linataka kusomwa.

Kwanza, kwa wale wasioijua Docker, nieleze kwa ufupi. Docker ilitambulishwa kwa umma mwaka 2013, pale Solomon Hykes alipoionyesha kwenye mkutano wa PyCon nchini Marekani. Kazi yake ni kuifunga programu yako pamoja na kila kitu inachohitaji ndani ya kontena, ili ikikimbia kwenye mashine yangu ikimbie vilevile kwenye yako na kwenye seva. Kile kifurushi ambacho kontena huanzishwa kutokana nacho tunakiita imeji, na imeji hujengwa kwa kufuata maagizo yaliyo kwenye faili liitwalo Dockerfile. Ukiandika docker build, ujenzi unaanza.

Sasa kuna jambo moja ambalo watumiaji wa Windows hulisahau. Makontena ya Linux yanategemea kerneli ya Linux. Windows haina kerneli hiyo, kwa hiyo Docker Desktop huiendesha Linux ndani ya mashine pepe ndogo, siku hizi mara nyingi kupitia WSL 2, iliyokuja na Windows 10 toleo 2004 mwaka 2020. Maana yake ni kwamba ukiandika amri ya docker kwenye dirisha la PowerShell, mwandishi yuko upande mmoja wa ukuta na injini inayofanya kazi iko upande wa pili. Hapo katikati ndipo mambo yanapoharibika.

Haya, tuje kwenye kisa chenyewe.

Mwaka 2023 tulikuwa na mwanagenzi mmoja kazini, binti wa Mombasa aliyekuja Nairobi kwa mazoezi ya kazi ya miezi mitatu. Alipewa laptopu iliyowahi kutumiwa na watu wengine kabla yake, ikafunguliwa akaunti mpya, akaambiwa ajenge sehemu moja ya mfumo wa mikopo tuliokuwa tukimtengenezea mteja. Kazi yake ilitakiwa kuonyeshwa Ijumaa, mbele ya mteja, ofisini kwa mteja. Na kila mtu alijua, ingawa hakuna aliyelitamka, kwamba Ijumaa hiyo ndiyo ingeamua kama ataongezewa mkataba au atarudi nyumbani.

Jumatano asubuhi alikuja mezani kwangu na macho mekundu.

"Kaka, hii Docker imenishinda. Nadhani mimi sikuumbiwa kazi hii."

Nikamuuliza amefanya nini mpaka sasa. Akaniambia ameifuta Docker Desktop na kuiweka upya mara tatu, mbili kati ya hizo usiku nyumbani, kwa bando lake mwenyewe. Kisakinishi peke yake ni mamia ya megabaiti, na ukiongeza imeji zilizofutika ambazo lazima zipakuliwe tena, unaelewa posho ya mwanagenzi ilikwenda wapi. Kilichonisikitisha zaidi hakikuwa pesa. Alikuwa ameanza kuamini kwamba kosa la mashine ni upungufu wa akili yake.

"Dada, hebu keti," nikamwambia. "Kabla hatujafuta chochote, tuulizane swali moja. Nani anajaribu kuongea na nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya, kwa hiyo nitasimama hapa kidogo. Unapoandika docker build, kuna mazungumzo matatu tofauti:

1. Amri yako inaongea na injini ya Docker.
2. Injini inaongea na ghala la imeji, kwa kawaida Docker Hub, ili kupata imeji ya msingi uliyoitaja kwenye mstari wa FROM.
3. Kontena linalojengwa linaongea na seva za vifurushi, kwa mfano PyPI kwa Python au npm kwa JavaScript, pale linapotekeleza mistari ya RUN.

Mazungumzo yote matatu yanaweza kukatika, na yote yatakuambia "muunganisho umeshindikana" kwa namna moja au nyingine. Lakini yanapita njia tofauti kabisa. Kutengeneza la tatu kwa dawa ya la kwanza ni sawa na kumpeleka kwa daktari wa meno mtu anayeumwa mguu.

MAZUNGUMZO YA KWANZA

Kwenye skrini yake, ile alama ya nyangumi ya Docker ilikuwa imetulia, ikionyesha kwamba injini inakimbia. Lakini kila amri ilijibu "error during connect". Nyangumi anasema nipo, amri inasema simwoni. Ukiona hivyo, usifute! Andika hivi:

docker version

Amri hii huonyesha sehemu mbili, Client na Server. Client ni upande wako, Server ni injini. Yake ilionyesha Client peke yake, kisha kosa. Basi tukajua tuko kwenye mazungumzo ya kwanza, na intaneti haihusiki hata chembe. Hata ungekuwa na bando la dunia nzima, lisingesaidia.

Tukasoma kosa lenyewe kwa utulivu mpaka mwisho. Ndani yake kulikuwa na anwani hii:

192.168.99.100:2376

"Anwani hii ni ya nani?" nikamuuliza. Hakujua, na hakutakiwa kujua. Kwa kawaida kwenye Windows amri ya docker huongea na injini kupitia bomba, yaani njia ya ndani ya kompyuta yenye jina kama //./pipe/docker_engine. Haitumii anwani ya IP. Lakini miaka ya nyuma kulikuwa na Docker Toolbox, iliyotumia VirtualBox, na mashine pepe yake kwa kawaida ilipata anwani hiyo hiyo ya 192.168.99.100. Toolbox iliachwa zamani. Mtu fulani aliyewahi kutumia laptopu ile aliiambia kompyuta nzima kwamba injini iko huko, akaenda zake. Akaunti mpya ilifunguliwa, lakini maagizo ya mfumo mzima yalibaki. Docker Desktop ilifutwa mara tatu, lakini maagizo hayo hayakuwa ndani ya Docker Desktop. Yalikuwa ndani ya Windows.

Tukathibitisha kwa amri mbili:

docker context ls
Get-ChildItem Env:DOCKER*

Ya kwanza huorodhesha injini zinazojulikana, na kama kuna kigeu cha mazingira kiitwacho DOCKER_HOST, hukuonya kwamba hicho ndicho kinachotawala. Ya pili hukionyesha chenyewe. Kilikuwepo, pamoja na ndugu zake DOCKER_TLS_VERIFY na DOCKER_CERT_PATH. Dawa yake, ukifungua PowerShell kama msimamizi, ni hii:

[Environment]::SetEnvironmentVariable("DOCKER_HOST", $null, "Machine")

Rudia kwa hivyo viwili vingine, funga dirisha, fungua jipya. Dirisha la zamani litaendelea kukumbuka maagizo ya zamani, kwa hiyo usilitumie kupima. Tukaandika docker version tena. Sehemu ya Server ikatokea.

Binti wa watu alinyamaza, kisha akasema polepole: "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe."

Kwa faida yako msomaji, kama kosa lako linalitaja bomba na kusema faili halipatikani, hiyo ni hali nyingine ya mazungumzo haya haya ya kwanza. Mara nyingi maana yake ni kwamba injini haijawaka. Angalia kama Docker Desktop imefunguliwa, kisha andika wsl -l -v na utazame kama docker-desktop iko kwenye toleo la 2 na hali yake ni Running.

MAZUNGUMZO YA PILI

Siku hiyo mazungumzo ya pili hayakutusumbua, lakini nisiyaruke. Dalili yake ni maneno "failed to resolve source metadata", yakifuatwa na jina la imeji. Injini inapatikana, lakini haifiki ghalani. Tazama mwisho wa kosa:

- "no such host": jina la seva halitafsiriki kuwa anwani. Ni tatizo la DNS, au huna intaneti kabisa.
- "TLS handshake timeout" au "i/o timeout": safari imeanza lakini imekwama njiani. Mtandao ni dhaifu, au kuna VPN au proksi katikati.
- "toomanyrequests": umefika ghalani, ila umefungiwa mlango kwa muda. Tangu Novemba 2020 Docker Hub huweka kikomo kwa wanaopakua bila kujitambulisha, na hesabu yao hufanywa kwa anwani ya IP. Ofisi yenye watu wengi nyuma ya anwani moja hukimaliza haraka. Fungua akaunti, kisha docker login.

Kupima mazungumzo haya hakuhitaji bando kubwa. Andika docker pull hello-world. Imeji hiyo ni ndogo sana, kilobaiti chache tu. Ikija, barabara ya ghalani iko wazi.

MAZUNGUMZO YA TATU

Alhamisi tulikwenda ofisini kwa mteja kuandaa onyesho. Tukaunganisha laptopu kwenye mtandao wao, tukajenga. Mstari wa FROM ukapita vizuri, python:3.11-slim ikashuka. Mstari wa RUN pip install ukagoma. Mwisho wa maandishi mekundu pip ilidai kwamba haioni toleo lolote la kifurushi tulichokitaka.

Mwanagenzi wetu akasema, "Labda nimekosea jina la kifurushi." Akaanza kulihariri faili la requirements.

"Ngoja," nikamwambia. "Mstari wa mwisho si lazima uwe ndio wenye ukweli. Panda juu."

BuildKit, ambayo ndiyo injini ya ujenzi ya kawaida ya Docker siku hizi, huyakunja maandishi yake ili skrini ipendeze. Kuyaona yote, andika:

docker build --progress=plain .

Tukapanda juu, na mistari mingi kabla ya ule wa mwisho tukakuta kwamba pip ilijaribu, ikashindwa, ikajaribu tena, na kila mara sababu ilikuwa "CERTIFICATE_VERIFY_FAILED". Kumbe pip haikuwa imekosa kifurushi. Ilikataa kumwamini aliyekuwa akikileta. Ilipokosa orodha ya matoleo, ikahitimisha kwamba hakuna toleo.

Akauliza swali zuri sana, na hapo nikajua kwamba anaelewa: "Lakini mbona FROM imepita? Si mtandao ni ule ule?"

Mtandao ni ule ule, wanaoongea ni tofauti. Taasisi nyingi zinazoshika fedha za watu huweka kifaa katikati ya mtandao kinachofungua mawasiliano yaliyofungwa, kikayakagua, kisha kikayafunga tena kwa cheti cha taasisi yenyewe. Kompyuta zao zimeshaambiwa zikiamini cheti hicho, na laptopu yetu nayo ilikuwa imewekewa na watu wao wa TEHAMA ili ikubaliwe kwenye mtandao. Docker Desktop huvichukua vyeti vinavyoaminiwa na Windows na kuipa injini, ndiyo maana mazungumzo ya pili yalipita. Lakini kontena linalojengwa ni ulimwengu wake. Lina orodha yake ya vyeti, na jina la taasisi ile halimo. Kwake yeye, aliyekuja na kifurushi ni mgeni aliyevaa sare asiyoitambua.

Unaweza kulithibitisha bila kubahatisha. Fungua pypi.org kwenye kivinjari, bonyeza alama iliyo kando ya anwani, usome nani ametoa cheti. Ukikuta jina la ofisi uliyomo, jibu umelipata.

Hapa kuna njia mbili, na naomba msomaji uzisome kwa makini. Ya kwanza ni ya mkato: unaiambia pip isikague vyeti, kwa --trusted-host. Inafanya kazi papo hapo. Pia inamaanisha kwamba kuanzia siku hiyo, yeyote atakayesimama kati yako na seva anaweza kukupa kifurushi chochote na utakimeza. Huu ulikuwa mfumo wa mikopo. Ndani yake kungekuwa na majina ya watu, nambari zao za vitambulisho na madeni yao. Na mistari ya mkato haiondoki. Leo iko kwenye laptopu, kesho iko kwenye seva, na aliyeiandika hayupo, kama yule aliyetuachia DOCKER_HOST.

Njia ya pili ilituchukua nusu saa. Tuliwaomba watu wa TEHAMA wa mteja faili la cheti chao cha mzizi katika muundo wa PEM, tukalipa jina linaloishia na .crt, tukaongeza mistari hii kwenye Dockerfile kabla ya pip:

COPY cheti-ofisi.crt /usr/local/share/ca-certificates/
RUN update-ca-certificates
ENV PIP_CERT=/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt

Mstari wa tatu ni muhimu, kwa sababu pip ya wakati ule ilikuwa na orodha yake yenyewe ya vyeti na haikutazama ya mfumo. Kuanzia pip 24.2 ya mwaka 2024, kwenye Python 3.10 na kuendelea, hutazama ya mfumo bila kuambiwa. Mistari hii tuliiweka kwenye hatua ya ujenzi ya huko tu, isije ikasafiri na imeji mahali isipohitajika.

Tukajenga. Kikombe cha chai kikaisha, na ujenzi nao ukaisha.

SAA NAYO INA MAMBO YAKE

Niongeze moja la mwisho, maana linafanana na hilo la cheti lakini si hilo. Ukiifunga laptopu ikalala, kisha ukaiamsha, saa ya mashine pepe ya WSL 2 inaweza kubaki nyuma ya saa ya Windows. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa mashine ambayo saa yake imelala, cheti cha leo ni cha kesho, nayo itakikataa kwa kusema hakijaanza kutumika. Kwenye imeji za Debian, apt nayo italalamika kwamba faili lake la Release si halali bado, na itakuambia ni saa ngapi zimebaki. Ukiona hivyo usibadilishe vyeti. Linganisha saa: andika date ndani ya WSL, utazame ya Windows. Zikitofautiana, funga Docker Desktop, andika wsl --shutdown, kisha uifungue tena. Hiyo haifuti imeji wala haili bando.

Ijumaa onyesho lilikwenda vizuri. Mteja aliuliza maswali ya riba na marejesho, hakuna aliyeuliza kuhusu makontena, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwanagenzi aliongezewa mkataba. Wiki iliyofuata nilimkuta ameketi na kijana mwingine mpya, kosa jekundu mbele yao, naye akiuliza kwa lafudhi yake ya Kimvita: "Ebu niambie, hapa nani yuwaongea na nani?"

Nimefikiria sana kwa nini swali hilo lilimsaidia kuliko kurasa zote za Kiingereza alizokuwa amezisoma. Nadhani ni kwa sababu makosa haya huja kwa lugha inayotisha, na mtu akitishika huacha kusoma. Anaona rangi nyekundu tu. Ukiyageuza kuwa mazungumzo ya watu watatu, kila mmoja na njia yake, hofu inapungua na macho yanafunguka. Si lazima ujue kila kitu kuhusu WSL au BuildKit. Inatosha ujue ni simu gani iliyokatika.

Kwa hiyo, kabla hujafuta chochote, fanya haya kwa mpangilio:

1. docker version. Kama Server haipo, tatizo liko ndani ya kompyuta yako. Tazama nyangumi, wsl -l -v, na vigeu vya DOCKER.
2. docker pull hello-world. Ikikataa, tatizo liko kati ya injini na ghala. Soma maneno ya mwisho ya kosa.
3. Kama hizo mbili zimepita na RUN inagoma, jenga kwa --progress=plain na utafute kosa la kwanza, si la mwisho. Kisha jaribu kutoka ndani ya kontena lenyewe:

docker run --rm python:3.11-slim python -c "import urllib.request; print(urllib.request.urlopen('https://pypi.org').status)"

Ikijibu 200, kontena linafika nje. Ikitaja cheti, umeshajua pa kwenda.

Yote hayo hayachukui dakika kumi, na hello-world haitakugharimu hata senti ya bando. Ukishayafanya na bado umekwama, hapo sasa andika kosa lako lote, kuanzia mstari wa kwanza, umwonyeshe mwenzako. Lote, jamani, si picha ya mstari wa mwisho!

Haya, nawatakia ujenzi mwema.